Kabla ya kumlaumu mtangazaji, tazama paa lako

Mazungumzo yetu ya juma hili yanahusu antena ya televisheni, ile inayowekwa juu ya paa. Huenda wapo watakaoona kuwa hili ni jambo dogo mno la kulipotezea dakika za redio. Lakini ziko nyumba nyingi hapa nchini zinazolipa fedha kila mwezi kwa sababu ya jambo hili dogo, na ziko nyingine zilizopata msiba kwa sababu yake. Kwa hiyo nawaomba mnivumilie.

Tuanze na tulikotoka. Zanzibar walitutangulia sisi wa Bara katika mambo ya televisheni. Kituo chao kilianza mwaka 1973, tena kwa picha za rangi. Huku Bara vituo vya kwanza, ambavyo vilikuwa vya watu binafsi, vilianza mwaka 1994. Katika miaka ile ya katikati, waliokuwa na seti Dar es Salaam walisimamisha milingoti mirefu juu ya nyumba zao na kuelekeza antena ng'ambo ya bahari, mwendo wa kilometa 70 hivi, wapate kunasa picha za Unguja. Bahari haina mlima wala ghorofa, basi picha ilifika, ingawa siku nyingine ilikuja imejaa chenga kama mchele uliomwagwa kwenye kioo. Watu wa wakati ule walifahamu kwamba picha hutafutwa. Hakuna aliyetegemea kwamba ukishanunua seti kazi imekwisha.

Kisha ukaja mfumo wa dijitali. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na katika miezi iliyofuata ya mwaka 2013 ikazimwa Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya. Kila mtu akatakiwa awe na king'amuzi. Madukani nako zikajaa bidhaa zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni antena za dijitali, na watu wengi wakang'oa antena zao za zamani wakauza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Ndugu wasikilizaji, napenda niseme wazi hapa kwamba antena haijui dijitali wala analojia. Antena ni vipande vya aluminiamu vinavyopokea mawimbi ya hewani na kuyapeleka kwenye waya. Kazi ya kutafsiri mawimbi hayo yawe picha ni ya king'amuzi. Antena ya mwaka 1995 iliyotengenezwa kwa masafa ya UHF inaweza kabisa kunasa matangazo ya dijitali ya leo, mradi haijaoza. Umbo hili la antena tunaloliona mapaani, lenye vijiti vilivyopangwa kama mifupa ya samaki, lilibuniwa Japani na wanasayansi wawili, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, likatangazwa mwaka 1926. Lina karibu miaka mia moja na bado linafanya kazi. Anayekuuzia kitu hicho hicho kwa bei mara tatu kwa sababu ya neno dijitali anakuuzia neno.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linagusa mfuko wa mwananchi. Ziko chaneli za bure, kama TBC1 na ITV, ambazo mtu hutakiwi kuzilipia kila mwezi. Chaneli hizo hurushwa na minara ya nchi kavu, na mwenye antena na king'amuzi kinachofaa huzipata. Lakini sikiliza yanayotokea. Mtu ananunua king'amuzi, anaweka antena ndogo ya mezani juu ya kabati, picha inagandaganda. Anamwita fundi. Fundi anatazama dakika mbili, anatikisa kichwa, anasema, "Mzee, mtaa huu hauna mawimbi, dawa yake ni ungo." Mzee ananunua ungo, na kuanzia mwezi huo anakatwa fedha. Mwezi ambao hana, taarifa ya habari hana, na mpira hana. Kumbe huenda mawimbi yapo, yanapita juu ya nyumba yake usiku na mchana.

Tena kutegemea njia moja tu kuna hatari yake. Mtakumbuka mwezi Agosti 2018, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozuia baadhi ya ving'amuzi vya ungo kuonyesha chaneli za bure, kwa kuwa leseni zao zilikuwa za matangazo ya kulipia. Wenye ungo wengi walibaki wanashangaa. Aliyekuwa na antena ya kawaida juu ya paa hakuguswa na amri ile. Simkatazi mtu kuwa na ungo. Mwenye uwezo na alipie anachokipenda. Ninachosema ni kwamba mtu asilazimishwe kulipia kwa kuwa tu hakuna aliyempandia paani kujaribu.

Basi tujaribu pamoja. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka cha hewani naye sharti apande.

Sababu ya kwanza ya kupanda ni kwamba mawimbi ya televisheni husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kama mwanga wa tochi. Mlima huyazuia, ghorofa huyazuia, na mwembe wenye majani mabichi yaliyolowa mvua huyapunguza sana. Ndiyo maana kuna watu ambao picha yao ni nzuri wakati wa kiangazi, lakini masika ikianza inavurugika. Isitoshe, nyumba zetu nyingi zimeezekwa kwa mabati, na bati huyarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Antena iliyoko chini ya bati inategemea yale machache yanayopenya dirishani. Ukiitoa nje ukaipandisha juu ya paa, hata kwa mita mbili au tatu tu, umeifungulia mlango. Mnara wenye urefu wa mita 100 na antena iliyoinuliwa mita 9 kutoka ardhini huonana kwa umbali wa kilometa 50 na kidogo, pakiwa tambarare. Wakazi wa mabondeni na nyuma ya vilima hali yao ni ngumu zaidi, na kwao mlingoti mrefu ndiyo pona yao.

Sababu ya pili ya picha mbaya ni mwelekeo. Antena ya mifupa ya samaki ina mbele na nyuma. Vile vijiti vifupi ndivyo vinavyotazama mnara, na kile kipande kikubwa, au wavu, hukaa nyuma. Pita katika mitaa yetu utazame. Hutakosa kuziona zilizofungwa kinyumenyume, nyingine zimegeuzwa na upepo au na kunguru, mwenyewe hana habari. Jambo jepesi la kuanzia ni kutazama antena za majirani wenye picha nzuri zinaelekea wapi, na kama vijiti vyake vimelala au vimesimama wima. Kama mnara unarusha mawimbi ya kulala na wewe umesimamisha vijiti vyako, utapoteza sehemu kubwa ya nguvu hata kama unautazama mnara huo kwa macho.

Kuigeuza nako kuna taratibu zake. Zamani, wakati wa analojia, mmoja alikuwa juu anazungusha na mwingine ndani anapiga kelele, "Hapo hapo! Umepitiliza! Rudisha!" Chenga zikipungua unaona mara moja. Dijitali haiendi hivyo. King'amuzi kinahitaji sekunde kadhaa kuyashika mawimbi, kwa hiyo anayezungusha haraka atapita mahali penyewe bila kujua. Geuza kidogo sana, subiri, uliza, kisha geuza tena. Aliye ndani afungue ukurasa wa mawimbi kwenye menyu ya king'amuzi. Atakuta mistari miwili, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora. Wengi hutazama ule wa nguvu tu. Wa muhimu zaidi ni ule wa ubora, kwa sababu nguvu inaweza kuwa nyingi nayo ni kelele tupu.

Hapa nieleze kitu kinachowachanganya watu. Katika analojia, mawimbi yakipungua, picha ilichakaa polepole, na mtu aliweza kutazama mpira hata kwenye chenga. Katika dijitali picha huwa safi kabisa mpaka mawimbi yafike kiwango fulani, na yakishuka chini ya hapo picha huvunjika vipande vya mraba, hugandaganda, halafu kioo huwa cheusi. Ni kama mtu anayetembea ukingoni mwa korongo. Kwa hiyo usiridhike kwa kuwa leo mchana jua linawaka na picha ni safi. Endelea kurekebisha hata baada ya picha kukaa sawa, mpaka mstari wa ubora ufike juu kabisa unavyoweza, ili siku ya mvua uwe na akiba.

Tatu ni aina ya antena yenyewe. Chukua rula upime. Televisheni za dijitali za nchi kavu hutumia zaidi masafa ya UHF, kati ya megahezi 470 na 694. Vijiti vya antena ya masafa hayo huwa na urefu wa sentimita 20 hadi 32 hivi. Ukikuta antena yenye vijiti virefu tu vya sentimita 75 na kuendelea, hiyo ni ya masafa ya VHF, na haifai kunasa UHF hata uiinue mpaka mawinguni. Vilevile masafa ya juu ya 694, ambayo zamani yalikuwa ya televisheni, sasa yamegawiwa simu za mkononi. Anayekaa jirani na mnara wa simu anaweza kusumbuliwa nao, hasa akiwa ameweka kikuza mawimbi, yaani busta, kinachopokea kila kitu bila kuchagua.

Na hiyo busta tuizungumzie. Siku hizi imekuwa kama dawa ya maumivu, kila mgonjwa anaandikiwa. Busta hukuza kile ilichopewa. Ukiipa mawimbi yaliyochanganyika na kelele, itakuza vyote viwili, na ubora hautapanda. Ikiwa lazima uitumie, mahali pake ni kule juu karibu na antena, kabla mawimbi hayajachoka ndani ya waya, wala si nyuma ya seti. Na aliye karibu na mnara wa televisheni haihitaji kabisa. Mawimbi yakizidi king'amuzi huvurugikiwa, na picha hupotea kama vile hayapo. Kuna jambo jingine. Antena nyingi zinazouzwa zina busta ndani yake, na hupata umeme wa volti 5 kutoka kwenye king'amuzi kupitia waya ule ule wa antena. Umeme huo huwashwa kwenye menyu. Usipowashwa, busta imekufa, na busta iliyokufa huzuia mawimbi badala ya kuyapitisha. Nasadiki kuna antena nzima zimetupwa jalalani kwa ajili ya kitufe kimoja cha rimoti.

Nne, na hapa ndipo penye ugonjwa mwingi, ni waya. Mtu hununua antena nzuri akabana matumizi kwenye waya. Hata waya mzuri wa antena, ule mnene wa omu 75, kwa urefu wa mita 20 humeza karibu nusu ya mawimbi. Ule mwembamba wa bei ya chini humeza zaidi. Waya wa taa na waya wa spika usiutumie kabisa. Tumia waya mfupi kadiri inavyowezekana, usiuache mita 10 zimeviringwa nyuma ya kabati, wala usiuunge kwa kusokota na kufunga nailoni. Kwenye ncha, ule uzi wa shaba wa katikati usigusane hata kidogo na ule wavu wa nje. Unywele mmoja wa wavu ukigusa shaba, picha hakuna.

Sisi wa Pwani tuna adui mwingine, nao ni chumvi. Hewa ya bahari hula skrubu, na maji ya mvua huingia kwenye maungio na kuteremka ndani ya waya. Baada ya mwaka mmoja shaba imekuwa nyeusi, na mwenye nyumba anadhani king'amuzi kimeharibika. Kijisanduku cha plastiki ambamo waya unaingia kwenye antena kielekee chini, maungio yafungwe kwa utepe wa mpira, na kabla waya haujaingia ndani ya nyumba uachwe ulegee kidogo kama kitanzi, ili maji yadondokee nje yasifuate waya mpaka kwenye seti. Ukate ncha na kufunga upya kila inapoharibika. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kisu na subira.

Sasa niwaguse wenye nyumba na wapangaji. Kuna nyumba zina vyumba sita, na juu ya paa utakuta milingoti sita, kila mpangaji na wake, kila mmoja ametoboa bati pake. Mvua ikinyesha nyumba inavuja, na ugomvi unaanza. Kumbe antena moja nzuri, iliyofungwa juu kwenye mlingoti mmoja imara, inaweza kugawanywa kwa vyumba vyote. Kigawanyio cha njia mbili hukipa kila chumba chini kidogo ya nusu ya mawimbi, na vyumba vikiongezeka fungu linapungua, kwa hiyo hapo ndipo busta ya juu inapopata kazi yake halali. Wapangaji wakichanga, kila mmoja atatoa kidogo kuliko ambavyo angetoa peke yake, na bati la mwenye nyumba litasalimika. Mwenye nyumba asikatae kwa kudhani anaonewa. Na mpangaji anayehama asing'oe mali ya pamoja.

Nimelibakiza jambo la mwisho makusudi, kwa kuwa ndilo zito kuliko yote. Mlingoti wa antena ni bomba la chuma, na katika mitaa yetu nyaya za umeme hupita karibu sana na mapaa. Anayeinua bomba la mita 6 akiwa juu ya bati amesimama mahali pabaya mno. Bomba likimponyoka likagusa waya wa umeme, yeye ndiye atakayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Katika njia za umeme wa msongo mkubwa, za volti 11,000 na 33,000, si lazima hata liguse. Kusogea karibu kunatosha. Watu husema ajali haina kinga. Hii ina kinga, nayo ni kupima. Kabla hujainua, pima urefu wa mlingoti pamoja na antena, kisha hakikisha kwamba hata ukianguka upande wowote, hautaufikia waya wa umeme, na bado inabaki nafasi ya kutosha. Kama nafasi hiyo haipo, mahali hapo si pa mlingoti. Tafuta upande mwingine wa nyumba, au mti mkavu uliosimikwa mbali, au uridhike na antena fupi. Bomba likianza kuanguka, liache lianguke. Mkono wa mtu usiende kuokoa aluminiamu.

Usipande bati likiwa limelowa, wala upepo ukiwa mkali, wala peke yako. Usimpandishe mtoto kwa kuwa ni mwepesi na bati halitabonyea. Hilo nalisema kwa wazazi na kwa mafundi pia, kwani ndivyo inavyofanyika, hasa jioni ya mechi kubwa, wakati kila mtu ana haraka na nyumba imejaa wageni. Mpira una dakika 90. Aliyeanguka kutoka paani anaweza kulala kitandani maisha yake yote.

Na radi je? Mlingoti unaozidi paa uunganishwe kwa waya mnene wa shaba na fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini. Hata hivyo, wingu likianza kunguruma, zima seti, ng'oa plagi ya umeme na ng'oa waya wa antena pia. Wengi hung'oa plagi wakasahau waya wa antena, na radi huteremkia huko huko. Wakati wa kuung'oa ni mapema, mngurumo ukiwa bado mbali. Mvua ikishafika juu ya nyumba usiuguse tena.

Ndugu wasikilizaji, kwa mafundi nina ombi moja. Neno "hapana mawimbi" ni neno zito, linamgharimu mtu fedha kwa miaka. Msilitamke kabla hamjapanda na kupima, kwa antena iliyo nje, iliyo juu, na inayoelekea mnarani. Mkishapima mkakuta kweli bonde limefunikwa, mwambieni mteja ukweli huo naye ataamua. Na wenye mitambo nao wana wajibu wao: wawatangazie wananchi waziwazi mnara wao uko upande gani na unatumia masafa gani, ili mtu asiwe anazungusha bomba gizani.

Lakini kwa leo, kazi iliyo mikononi mwetu ni hii ndogo. Kesho asubuhi, kama hakuna mvua, simama uani utazame juu ya paa lako. Tazama antena inaelekea wapi, waya umekaaje, na nyaya za umeme zinapita umbali gani. Kutazama hakuna malipo, na huenda ukagundua kwamba ulichokuwa unakilipia kimekuwa kikipita juu ya kichwa chako bure.